Nukta ya Tisa

Kazi ya mtu mwingine hakuisoma amekaa. Hata iwe kurasa mbili, hata iwe ya mwanafunzi ambaye kila mtu alishajua kwamba yeye na hisabati ni paka na panya, aliinuka, akaiweka juu ya mimbari kuukuu iliyokuwa karibu na dirisha la ofisi yake, akaegemeza viwiko, akasoma amesimama mpaka mwisho. Mimbari yenyewe aliiokoa isichanjwe kuni siku ukumbi mkubwa wa chuo ulipoletewa mpya. Mguu mmoja wa mimbari hiyo ulikuwa mfupi, naye aliuwekea kipande cha tairi. "Mtu akikaa huamini upesi," alipenda kusema. "Kiti kinamnong'oneza kwamba mambo ni shwari. Miguu ikianza kuuma ndipo anauliza maswali."

Wanafunzi walimpachika jina la Mlingoti. Nyumbani aliitwa Baba Mdogo, jina lililowachekesha wageni, maana alikuwa mrefu wa kuinama kila mlangoni. Udogo wake ulikuwa wa kuzaliwa tu. Aliyemwita hivyo alikuwa mtoto pekee wa kaka yake, fundi wa magari aliyekufa chini ya lori siku jeki ilipoteleza. Msichana alikuwa darasa la tano. Baada ya mazishi ndugu walikaa kuzungumza nani atamchukua, na kabla maneno hayajakolea Baba Mdogo akasema, "Anakuja kwangu," akaenda kumfungia nguo zake. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Tangu siku hiyo nyumba ikawa ya watu watatu, na yule msichana akaitwa Binti tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Aliitwa hivyo hata alipoanza kung'oa mvi za kwanza mbele ya kioo.

Mama Mdogo alifundisha jiografia katika shule ya sekondari, na ulimi wake ulikuwa na chumvi ya kutosha. "Wenzangu wanalia na wake wenza wenye nywele na majina," alimwambia Binti huku akimkatia mumewe jicho. "Mimi mke mwenzangu ni namba. Utamvuta wapi? Utamsema kwa nani?" Mumewe akijifanya hasikii, aliendelea. "Sisi tunafundisha mito na milima. Vitu ambavyo mtu akivifuata anavikuta. Huyu hebu muulize, huo mkunjo wake uko wilaya gani?"

Mkunjo ndio uliokuwa kazi yake. Alifanya utafiti pale nadharia ya namba na jiometri ya aljebra zinapopakana, na watu wakimwuliza aliwaeleza hivi: chukua mlinganyo, uchore, utapata mstari uliopinda, huo ndio mkunjo. Juu yake kuna nukta zisizohesabika, lakini karibu zote majira yake, yaani namba zinazoonyesha mahali nukta ilipo, ni namba za kutisha, desimali zisizokwisha wala kujirudia. Chache tu, hapa moja na pale moja, majira yake ni sehemu safi: nusu, theluthi mbili, saba juu ya tano. Hizo ndizo alizozitafuta. Na swali lake la maisha lilikuwa dogo kiasi cha kutia aibu: katika mikunjo ya aina fulani, nukta safi haziwezi kuzidi ngapi?

"Na ukishajua?" jirani alimwuliza siku moja, wakiwa wamesimama kwenye uzio.

"Nitakuwa najua."

"Haya, bwana. Mimi ngoja nikaangalie tangi langu la maji, linavuja."

Jibu lilimla miaka zaidi ya kumi. Alikuwa amesomea ng'ambo, na wenzake walipobaki huko yeye alirudi. Huko, mtu akikwama alifungua mlango akakuta koridoni mwenzake wa kumwuliza. Hapa alifungua mlango akakuta ndoo ya dekio. Majarida ya utafiti yalifika yamechelewa, mengine hayakufika kabisa. Alifundisha mwaka wa kwanza darasa lililojaa mpaka madirishani, akasahihisha mitihani mpaka kidole cha kati kikaota sugu, na utafiti akaufanya kwa muda uliobaki, kama mtu anayekwangua makoko chunguni.

Binti aliukulia utafiti huo. Mezani, yeye na kazi zake za shule upande huu, Baba Mdogo upande ule na karatasi zilizokwisha kutumika mgongo mmoja. Hakumpa jibu hata mara moja. Akimwonyesha hesabu, aliuliza tu, "Unajuaje?" Akijibu, "Mwalimu alisema," alirudishiwa daftari. Akijibu, "Kwa sababu imetoka sawa," alirudishiwa pia. Kuna wakati alilia. Lakini siku moja, akiwa kidato cha pili, alijibu kwa hatua tatu zilizoshikana kama viungo vya mnyororo, na Baba Mdogo akamkatia kipande cha mkate wake mwenyewe, akakipaka siagi, akakisukuma upande wa pili wa meza. Hapo ndipo yule mtoto alipopotea, kama Mama Mdogo alivyokuwa akisema. Akasoma hisabati, akarudi kufundisha katika idara ileile, ofisi yake ikitazamana na ya baba yake.

Jibu lilikuwa nane.

Siku alipolimaliza alitoka chumbani na kusimama jikoni, mikono imening'inia. "Ni nane," alisema.

"Nane nini?" Mama Mdogo aliuliza, mwiko mkononi.

"Hazizidi nane."

"Basi mshukuru Mungu, unawe mikono, uje ule."

Makala ilichapishwa katika jarida zito, baada ya wakaguzi kuizungusha mpaka alipochoka kuuliza. Duniani kote walioweza kuisoma na kuielewa huenda walikuwa watu thelathini, na nusu yao walikuwa hawasalimiani. Lakini wachache hao walianza kuitaja kanuni hiyo kwa jina lake, kule chini katika maelezo ya maandishi madogo. Mbele za watu aliicheka heshima hiyo. Siku moja, hata hivyo, Binti alimkuta maktabani amelichomoa jarida kwenye rafu, analigeuza nyuma kutazama karatasi ya mihuri, kuona kama kuna aliyeliazima. Hapakuwa na muhuri hata mmoja. Alilirudisha taratibu, akalisawazisha na wenzake, akaondoka bila kujua kwamba ameonekana.

Hicho ndicho alichokuwa nacho. Hakupata cheo, ukuu wa idara walipewa waliojua kukaa vikaoni. Hakujenga nyumba ya pili. Hakuacha mtoto wa kumzaa. Alikuwa na nane.

Kustaafu kulimkuta moyo umekwisha kuchoka. Daktari alisema umetanuka, hausukumi inavyopasa. Miguu ilimvimba, viatu vikawa ndala, na ngazi za jengo la idara akawa anazipanda kwa awamu, akisimama katikati kama mtu aliyekumbuka jambo. Idara ikaamua kumfanyia siku ya heshima. Watakuja wageni, atapewa ngao, na Binti atatoa mhadhara wa kuieleza kanuni ya nane kwa lugha ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili ataelewa.

Ili waelewe, alihitaji mfano. Na hapa lazima lielezwe jambo moja la ile kazi. Mkunjo huwezi kuushika wote kwa mkupuo, kwa hiyo watu wa fani hii huuchungulia kupitia namba tasa, moja baada ya nyingine: mbili, tatu, tano, saba, na kuendelea. Kila namba tasa ni dirisha. Kupitia dirisha la tano, kwa mfano, namba zote huzunguka kama saa yenye alama tano, ukifika tano umerudi sifuri, na mkunjo mkubwa usioshikika unakuwa kitu kidogo cha kuhesabu kwa vidole. Baba Mdogo alikuwa ameyapitia madirisha yote kwa hoja moja ndefu na nzuri. Dirisha la mbili peke yake, ambalo siku zote lina ukaidi wake, alilimaliza kwa mstari mmoja: kwa mbili, tazama makala yangu ya awali.

Binti alichagua mbili kwa uvivu tu. Katika dunia ya mbili kuna sifuri na moja, basi. Mfano mzima ungeenea kwenye kona ya ubao. Ilikuwa mchana, katika chumba cha semina, viti vimepandishwa juu ya meza na feni inazunguka kwa kulalamika. Aliandika mlinganyo. Hatua ya kwanza, kama makala ya awali ilivyoelekeza, ilikuwa kukamilisha mraba, jambo ambalo kila mtoto wa sekondari amelifanya mpaka akalichukia: chukua nusu ya kizigeu, ile namba iliyo mbele ya herufi, ipige mraba, ongeza pande zote mbili. Alinyanyua chaki aandike nusu.

Mkono ukagoma.

Katika dunia ya mbili, moja na moja ni sifuri. Mbili ni sifuri. Kugawanya kwa mbili ni kugawanya kwa sifuri. Nusu haipo.

Alidhani amekosea yeye. Alifuta, akaanza upya, akafika palepale. Akaenda ofisini kuifungua ile makala ya awali, na huko akakuta sentensi ambayo mwandishi mwenyewe aliiweka ukurasa wa kwanza, akiwa kijana mwangalifu: katika makala haya yote, namba tasa ni witiri. Yaani tatu na kuendelea. Mbili aliiacha nje kwa makusudi, kwa uaminifu. Miaka ikapita, na alipoihitaji aliitaja kwa kukumbuka, kama mtu anavyotaja mtaa wake mwenyewe bila kuinua macho kutazama kibao. Mganga hajigangi. Kazi za wenzake wote alizisoma amesimama. Ya kwake hakuisoma hata amekaa.

Binti alirudi chumba cha semina kufuta ubao, akamkuta Mkuu wa Idara amemtangulia, anautazama. Alikuwa mtaalamu wa takwimu, mnene, mcheshi, rafiki wa Mlingoti tangu ujana wao wa kugombania chaki.

"Nilikuja kukuuliza kuhusu viti vya wageni," alisema bila kugeuka. "Hii ni nini?"

"Ni mbili."

"Naona ni mbili. Nauliza nusu yako imekwenda wapi."

Akamweleza. Mkuu alishusha kiti kimoja toka juu ya meza, akakikalia. Kicheko chake chote kilikuwa kimemtoka.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi sikiliza, dada. Funika kombe mwanaharamu apite. Mzee apewe ngao, apigwe picha, arudi nyumbani na mkewe. Watu thelathini duniani wanasoma kitu hiki. Mpaka waamke, yeye atakuwa ameshapumzika."

"Kuna msichana chuo cha mbali, shahada yake ya uzamivu yote imesimama juu ya nane. Ameniandikia juzi, ananiomba nimsalimie."

"Amejenga mwenyewe. Hana macho?"

"Aliamini."

"Moyo wa mzee unaujua ulivyo," Mkuu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Unataka kumwua mtu kwa ajili ya nusu?"

Siku zile Binti alikwenda na kurudi na lile jambo kifuani. Alifundisha, alisahihisha, alikaa na baba yake sebuleni wakasikiliza taarifa ya habari, na kila alipofungua mdomo alisema jambo jingine. Mama Mdogo hakuhitaji kuambiwa. Alimbana jikoni, wakichambua mchele.

"Una nini wewe? Unazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutaga."

"Kazi tu, mama."

"Kazi yako naijua sura. Hiyo si kazi." Akatupa kijiwe dirishani. "Inamhusu yeye?"

Binti akainamisha kichwa.

"Hizo mbili na tatu zenu mimi sizijui," Mama Mdogo alisema. "Yeye namjua. Ukimwambia, hatalala. Ukimficha akaja kujua, hatakuita mwanangu tena. Chagua."

Alimwambia Jumamosi asubuhi. Mzee alikuwa amelala kitini, miguu juu ya kigoda, imevimba na kung'aa kama ya mtu mwingine. Binti alikuwa ameandika ukurasa mmoja, bila salamu wala maelezo, hatua kwa hatua. Akamkabidhi.

Baba Mdogo hakuutazama ukurasa. Alimtazama yeye usoni. Kisha akaishusha miguu chini, mmoja mmoja kwa mikono miwili, akaomba fimbo yake, akainuka. Sebuleni hapakuwa na mimbari. Alijikokota mpaka kwenye friji, akauweka ukurasa juu yake, akaegemeza viwiko, akaanza kusoma. Friji ilikuwa inanguruma na karatasi ilitetemeka kidogo. Mama Mdogo alisogeza kiti nyuma ya mumewe. Mzee alikisukuma kwa kisigino bila kugeuka. Ulikuwa ukurasa mmoja tu. Aliusoma kwa muda ambao zamani ungemtosha kusoma tasnifu nzima, na jasho likamchuruzika toka nyuma ya masikio.

"Ni kweli," alisema mwishowe.

"Nilikuwa na haraka ya kwenda wapi?" aliiuliza friji. Kisha akageuka. "Umeliona lini?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki nzima umelibeba peke yako?"

"Ndiyo, baba."

"Pole," alisema.

Na hapo ndipo Binti alipolia, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo.

Alasiri ile Baba Mdogo alimpigia simu Mkuu wa Idara kuahirisha sherehe. Waliomsikia walimsikia upande mmoja tu. "Hapana... Hapana, bwana... Najua bango limeshachapwa... Ndugu yangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Na mimi maradhi ninayo ya kutosha." Akaandika kwa jarida, mistari michache, kuiondoa kanuni yake. Kisha akamwandikia yule msichana wa chuo cha mbali, na barua hiyo ilimchukua siku tatu, maana kila alipoisoma aliona inamwomba amhurumie.

Bango la sherehe halikutupwa. Lilitumika kufunikia mashine ya kudurufu, pale dari linapovuja, jina lake likiwa limekunjwa katikati. Kwenye chumba cha chai maneno hayakukosekana. "Mlingoti umelala," mmoja alisema. "Alitusimamia sisi weee, kumbe yeye..." mwingine akamalizia kwa kucheka. Binti alipoingia walianza kuzungumza kuhusu mvua. Msichana wa mbali alijibu kwa adabu kubwa, akashukuru, kisha akanyamaza. Baba Mdogo alimwulizia kila mara. "Amepata mada nyingine?" Miezi ikapita, ndipo Binti akasikia kwamba ameacha masomo, ameajiriwa na kampuni ya bima. Alifikiria kutomwambia. Alimwambia.

"Alikuwa na akili nzuri," Baba Mdogo alisema. Siku hiyo chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Hata hivyo uthibitisho ukivunjika si lazima kanuni iwe ya uongo. Nyumba inaweza kuwa nzima, ngazi tu ndiyo mbovu. Hilo ndilo lililomweka hai, kama kuna dawa ya moyo uliotanuka isiyouzwa dukani. Huenda bado ni nane. Huenda mbili ina njia yake, ngumu, ambayo hakuijua ujanani. Akaagiza karatasi zake zilizotumika mgongo mmoja, akawekewa ubao mdogo mapajani, akaanza.

Binti alifanya upande wa pili. Aliandika programu ya kompyuta ya kukagua mikunjo ya aina ile, mmoja baada ya mwingine, hasa ile iliyo mikaidi kwa mbili, na kuhesabu nukta safi za kila mmoja. Hawakuambiana, lakini wote walijua wanachokifanya. Baba Mdogo alikuwa anajenga ukuta wa kuonyesha kwamba nukta ya tisa haiwezi kuwepo, na mwanawe alikuwa anaitafuta. Kila siku alipotoka kazini alipita kwao, na kabla hajaweka mkoba chini sauti ilimfikia toka chumbani.

"Leo?"

"Nane."

"Iliyozidi?"

"Hakuna, baba. Nane, saba, sita, nane."

"Vizuri."

Mama Mdogo, akimkanda mumewe miguu, alisema, "Nyinyi ni wagonjwa wawili. Mmoja tu ndiye aliyepewa kitanda."

Ujenzi wake ulikwama. Binti aliuona unavyokwama, kwa sababu kila jioni mzee alimpa zile kurasa azisome. Hoja ilianza vizuri, ikapanda, ikafika mahali fulani ikajikunja na kurudi ilikotoka, kama maji yanayotafuta mwanya kwenye saruji. Mkono wake ulianza kuandika namba kubwa na zilizolala. Kuna ukurasa mmoja ambapo alikuwa amelithibitisha jambo, na chini yake, bila kujua, amelithibitisha tena jambo hilohilo. Binti aliukunja akautia mkobani, akamwambia amesoma, ni sawa.

"Ni sawa, au umechoka?"

"Umerudia, baba. Ni kitu kimoja mara mbili."

"Ahaa." Akatikisa kichwa. "Asante."

Halafu ikaja ile siku ya Alhamisi, Binti ofisini, dirisha wazi, chini wanafunzi wanacheza mpira wa kikapu. Kwenye skrini mistari ilikuwa inapanda kama kawaida. Nane. Saba. Nane. Nane. Tisa. Nane.

Aliisimamisha programu. Alikaa akiutazama ule mstari kama mtu anavyotazama nyoka asiyejulikana kama yu hai. Akaangalia majira ya nukta ya tisa: sehemu mbili zenye namba ndefu juu, na chini hakuna kitu ila mbili iliyojizidisha yenyewe mara nyingi. Ilikuwa imejificha kulekule, katika dunia ya mbili, nyuma ya dirisha ambalo halikufunguliwa. Alikagua kwa programu nyingine. Akachukua kalamu, akazidisha kwa mkono, akitumaini kwa moyo wote, huyu ambaye tangu utotoni alifunzwa kuogopa makosa, kwamba mahali fulani amekosea. Pande mbili za mlinganyo zikatoka sawa mpaka tarakimu ya mwisho.

Siku hiyo na Ijumaa hakwenda kwao. Alisema ana kikao. Jumamosi aliandika taarifa fupi kwa ajili ya jarida, kwa sababu hakujua mikono yake aifanyishe nini kingine. Jumapili alikwenda.

Mama Mdogo alimfungulia mlango, akamtazama, akasogea pembeni.

Baba Mdogo alikuwa amewekewa mito mitatu, maana akilala chali alikosa pumzi. Jua la alasiri lilikuwa limeingia hadi katikati ya kitanda. Mikono yake juu ya shuka ilikuwa imebaki mifupa na mishipa.

"Leo?" aliuliza.

Binti akavuta kigoda, akakaa.

Baba Mdogo alisubiri. Kisha akafumba macho. "Nisomee," alisema.

Akamsomea mlinganyo. Akamsomea majira ya nukta, tarakimu kwa tarakimu, kwanza ya juu, kisha ya chini. Alimfanya arudie ya juu. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya shuka, vikibeba na kuhamisha, na midomo ikicheza bila sauti. Ilimchukua muda mrefu. Alipumzika mara kwa mara, akaendelea palepale alipoachia. Mama Mdogo alisimama mlangoni na glasi ya maji, hakuingia.

"Sawa," alisema. Macho bado yamefumba. "Imekaa."

"Nimeikagua kwa njia mbili," Binti alisema. "Nilitaka isiwe."

"Najua ulitaka."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo juu ya saruji.

"Kwa hiyo sikuwa nimekosea njia tu," alisema taratibu. "Hakukuwa na pa kwenda."

"Kwa namba zote witiri hoja yako imesimama, baba. Hiyo hakuna atakayeigusa."

"Mwanangu, mimi sikusema kwa namba zote witiri." Akavuta pumzi kwa shida. "Kuna ya kumi?"

"Sijui."

"Tafuta. Mimi hiyo sitaifikia." Kisha akauliza, "Umeandika chochote?"

Alitoa karatasi mkobani akamsomea, kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya kawaida. Kwa bahati mbaya, ilianza, kanuni iliyodai kwamba nukta hizo hazizidi nane si ya kweli. Na huu hapa mkunjo wenye nukta tisa. Baada ya hapo alikuwa amepanga maneno mengi mazuri, jinsi kazi ile ilivyofungua milango na kuwaongoza wengine. Baba Mdogo aliinua kiganja kidogo tu, na Binti akaishia hapo.

Hakulia yeye, wala mwanawe. Mama Mdogo aliingia, akamnywesha maji kidogo kwa kijiko, akamfuta kidevu, akamwambia Binti, "Mwache apumzike. Utarudi kesho." Kesho yake alfajiri simu ndiyo ingelia, lakini wakati ule ilikuwa Jumapili tu, alasiri kama alasiri nyingine, na Binti alikunja karatasi yake, akachukua mkoba, akainuka. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia anaitwa.

"Hapo kwenye 'kwa bahati mbaya,' futa," Baba Mdogo alisema. "Andika si kweli, basi. Na uvute pazia ukitoka, jua linaniuma macho."